"Vijana wana asilimia nne yao": jibu linalofunga mjadala wa bajeti

Kwenye vikao vya bajeti vya halmashauri za Dar es Salaam, akiuliza mtu kuhusu uwanja wa mtaa au mafuta ya pikipiki ya ofisa maendeleo ya jamii wa kata, jibu ni jepesi: vijana wana asilimia nne yao. Lina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni gumu kulipinga.

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Hesabu hupigwa baada ya kutoa vyanzo lindwa, yaani fedha ambazo kazi yake imeshapangwa. Halmashauri ikibaki na bilioni 10, fungu la vijana ni milioni 400, na diwani hawezi kulihamishia kwenye mtaro.

Ila sheria inalinda mkopo. Mafunzo, ufuatiliaji, viwanja na huduma rafiki kwa vijana kwenye zahanati havina ulinzi huo. Mapato yakiyumba, huko ndiko panga hupita kwanza, tena bila kelele: hakuna anayepiga kura kufuta huduma, mafuta hayatoki tu.

Chukua kikundi cha vijana watano wa Chanika wanaotaka kufyatua matofali. Tuseme wamepata milioni 12. Mashine, jenereta na kodi ya eneo vikala milioni 11. Saruji ikiwa shilingi 16,000 kwa mfuko, mifuko 20 ya wiki ni 320,000, bado mchanga, maji na vibarua. Mfuko mmoja unatoa matofali 30 hivi ya inchi sita yanayoshika vizuri. Yakishafyatuliwa yanatakiwa kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba walau. Ukiyapakia mapema yanapasukia kwenye lori. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo ni kutoa fedha tu. Wiki ya tatu mtaji umekauka, wanaanza kulazimisha mfuko utoe matofali 45, fundi anayashika yanamomonyoka mkononi, habari inaenea kwa mafundi wenzake. Miezi sita baadaye wako kwenye orodha ya wadaiwa sugu.

Ofisa angefika kabla mashine haijalipiwa, angewaambia waanze na kalibu za mkono na wabakize milioni tatu za saruji. Safari hiyo ni lita chache za petroli.

Namwelewa diwani pia. Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zilianika vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, mpaka Serikali ikasitisha utaratibu mzima Aprili 2023 na kuurudisha 2024 kwa masharti mapya, baadhi ya halmashauri, likiwemo Jiji la Dar es Salaam, zikipangiwa kupitishia fedha benki. Mama wa Kigogo ambaye maji ya Msimbazi yanamwingilia ndani kila masika ana haki ya kuuliza kwa nini mtaro wake usubiri huku fedha zinakwenda kwa wasiolipa. Na kodi ya majengo, ambayo zamani halmashauri zilijikusanyia zenyewe, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na kukusanywa na Serikali Kuu. Kinachogombewa ni kidogo kweli.

Hata hivyo hoja ya "barabara kwanza" inapungua uzito ukikumbuka kuwa barabara za mitaa zina TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017, yenye fungu lake. Na benki, pamoja na faida yake ya kubana vikundi hewa, haitamtuma karani wake Chanika kuangalia kama matofali yamemwagiliwa.

Kuna kasoro nyingine isiyosemwa sana, ya kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Makusanyo yakichelewa, fungu hutolewa Mei na Juni ili lengo la mwaka litimie, na vikundi vingi vinahakikiwa kwa siku chache. Hapo cha kweli na cha kuungaunga vinapita mlango mmoja. Pia marejesho ya mikopo ya zamani yanaweza kuchanganywa na fedha mpya, fungu likaonekana limenona kumbe mchango wa mwaka huu umepungua.

Kwangu mimi, ni bora vikundi vichache vinavyotembelewa kuliko vingi vilivyoachwa. Milioni 20 za ufuatiliaji, nje ya mikopo yenyewe, ni asilimia 0.2 tu ya zile bilioni 10. Hazizibi mtaro mkubwa hata mmoja, lakini zinaweza kuokoa mamilioni mengi ya marejesho.

Mjumbe wa kamati ya maendeleo ya kata akitaka kujua kama vijana wamekatwa au la, asiishie kwenye mstari wa asilimia nne. Afungue kasma, yaani fungu la bajeti, ya maendeleo ya jamii, atazame mafuta, posho za safari na matengenezo ya viwanja, kisha aombe kiasi kilichotoka kweli mwaka uliopita, mwezi kwa mwezi.