Shahidi mwenye kamera kichwani

Kwetu Tanzania, dereva akishawapita trafiki waliojibanza nyuma ya mwembe, humpigia taa anayekuja mbele: punguza mwendo, wapo. Ni udugu wa barabarani, na hakuna anayeuonea aibu. Ndiyo maana Mtanzania aliyehamia Uingereza hupigwa na butwaa posta ikimletea barua ya polisi kwamba wiki iliyopita alimpita mwendesha baiskeli kwa karibu mno, mahali ambapo anakumbuka vizuri hakukuwa na askari hata mmoja. Aliyemripoti ni mwenye baiskeli mwenyewe. Alikuwa na kamera kwenye helmeti.

Mambo haya si mapya huko. Polisi wa Wales Kaskazini walianzisha mwaka 2016 mpango unaoitwa Operation Snap: raia anatuma video kwa mtandao, askari anaitazama, kisha anaamua. Vikosi vingi vingine vimefuata. Kwa kawaida notisi ya kusudio la kushtaki inapaswa kumfikia mwenye gari ndani ya siku 14, naye analazimika kumtaja aliyekuwa kwenye usukani. Dereva huyo anaweza kuishia na barua ya onyo, kupelekwa darasani, kutozwa faini ya paundi 100 pamoja na pointi 3 kwenye leseni, au kufikishwa mahakamani. Pointi zikifika 12 ndani ya miaka mitatu, leseni iko hatarini.

Wanaoupinga utaratibu huu huanza na neno umbea. Hoja hii mimi hainiingii. Tangu Januari 2022 mwongozo wa barabara wa Uingereza unamtaka dereva aache angalau mita 1.5 anapompita mwenye baiskeli kwa mwendo usiozidi maili 30 kwa saa. Anayeacha nusu mita hajamkosea adabu mtu, amemweka karibu na kifo, na kabla huyo hajapata pumzi gari limeshapotea. Zamani lilibaki neno lake dhidi ya neno la dereva. Kamera imeondoa mkwamo huo, na inamwona hata mwenyewe: kama alipita taa nyekundu, polisi wataona.

Lakini kuna mtu aliyekoswakoswa akielekea kazini, na kuna mwindaji. Mike van Erp wa London ni wa kundi la pili, na hafichi. Huchungulia madirishani magari yakiwa kwenye foleni, akitafuta wanaoshika simu, kisha video huziweka YouTube. Baba yake aliuawa na dereva mlevi nchini Zimbabwe, kwa hiyo siwezi kumwita mtu mwenye kiherehere tu. Mwaka 2020 mtengeneza filamu Guy Ritchie alinyang'anywa leseni kwa miezi sita kutokana na video ya van Erp. Waliomlilia Ritchie walisahau kwamba tayari alikuwa na pointi 9 za mwendo kasi. Mwaka 2022, kesi dhidi ya mwanasoka wa zamani Frank Lampard iliyotokana na video nyingine ya van Erp ilifutwa kwa upungufu wa ushahidi. Chujio lilifanya kazi, ila habari ilikuwa imeshazunguka dunia. Video ikienda kwa polisi ni ushahidi. Ikienda YouTube kabla ya uamuzi, hapo nawaelewa wanaolalamika.

Kinachonisumbua zaidi ni kingine, na hakisemwi sana. Mwaka huohuo wa 2016, polisi wa West Midlands walimpandisha askari baiskeli akiwa na nguo za kiraia. Dereva aliyempita kwa karibu alisimamishwa mbele kidogo, akapewa hiari: ashtakiwe, au aoneshwe papo hapo, kwenye mkeka uliochorwa barabara, nafasi anayopaswa kuacha. Dereva huyo alijifunza kosa likiwa bado la moto. Barua ya siku kumi baadaye inamkuta mtu hakumbuki hata barabara yenyewe. Anachokumbuka ni hasira, tena kwa waendesha baiskeli wote. Na kamera za raia zikishazoeleka, mkuu wa kikosi anayebana bajeti atamtoa askari kwenye baiskeli bila kuumiza kichwa.

Halafu jiulize nani anaripoti. Si yule kijana mgeni anayepeleka chakula kwa baiskeli, mwenye saa nyingi barabarani kuliko karani yeyote mwenye helmeti ya bei mbaya. Tovuti ya polisi haimkatazi. Ila inataka jina na anwani, maelezo kwa Kiingereza, video isiyokatwa, na utayari wa kwenda kutoa ushahidi mahakamani katika siku ambayo, asipopeleka chakula, hana pesa.