Mama atamtaja mwanawe kwa polisi yupi?

Kwenye kikao cha mtaa wetu, polisi kata alisimama akajitambulisha kwa jina, kisha akabandika karatasi yenye namba yake ya simu mlangoni mwa ofisi ya serikali ya mtaa. Akaomba tumpigie saa yoyote. Mama mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Afande, nikikupigia, hawatajua kuwa ni mimi?" Akajibiwa kwamba siri itatunzwa. Akaketi kimya, na sikuona aliyepata moyo kwa jibu lile.

Tangu siku hiyo swali lake ndilo ninalolipimia mpango mzima wa polisi jamii, yaani polisi kushirikiana na wakazi kuzuia uhalifu. Mpango wenyewe si mgeni. Said Mwema, aliyeteuliwa kuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) mwaka 2006, aliupa uzito mkubwa katika maboresho ya jeshi, na vikundi vya ulinzi shirikishi vikaenea mitaani. Enzi za IGP Simon Sirro ukaja msukumo wa kupeleka mkaguzi wa polisi katika kila kata, na kata za Tanzania Bara ni zaidi ya 3,900. Hoja ya wanaoutetea ina uzito: polisi wa kituoni hufika wizi ukishatokea, ilhali jirani anajua ni kijana gani ameacha kibarua cha gereji na bado kila wiki ana simu mpya. Kuna na faida nyingine isiyotajwa sana. Mwanamke anayepigwa nyumbani, asiyethubutu kupanda daladala mbili kwenda kueleza aibu yake mbele ya kaunta iliyojaa watu, anaweza kumwendea askari anayemfahamu kwa sura.

Wanaoutilia shaka nao wana historia ya kuonyesha. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Usukumani na Unyamwezini, wananchi walipochoshwa na wezi wa ng'ombe. Walisifiwa kwa kuurudisha usalama vijijini, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini haohao walichapa watu na kuwafukuza vijijini, wakiwamo wanawake wazee walioshukiwa uchawi. Jirani anajua mengi, na pia ana visa vyake: ugomvi wa mpaka wa kiwanja, deni, wivu. Polisi anayepokea kila neno la mtaani bila kulichunguza atakuwa anatumiwa kulipiza visasi vya watu.

Tatizo la pili ni mlango ambao habari inapitia. Mfumo wa nyumba kumi tuliurithi kutoka TANU, na hadi leo, zaidi ya miaka 30 tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa shina wa CCM. Watu wengi humwona kama mzee wa wote, na mabalozi wengi wanastahili heshima hiyo. Lakini mtu wa chama kingine ana haki ya kusita kupitisha siri yake hapo. Polisi kata akiutegemea mlango huo peke yake, ameshawapoteza baadhi ya wakazi kabla hajaanza kazi.

Na kusita huko si woga wa bure. Kati ya mwaka 2015 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga mkoani Pwani ziliona viongozi wa vijiji na vitongoji wakiuawa mmoja baada ya mwingine, na Aprili 2017 polisi wanane wakauawa kwa siku moja. Watu wa Pwani walijifunza kwamba kuonekana na askari tu kunaweza kukugharimu maisha. Huwezi kuwarudisha wakazi wa namna hiyo kwenye kuzungumza kwa bonanza la mpira na fulana za ulinzi shirikishi.

Ila nadhani hofu ya kuvuja siri ni nusu tu ya jambo. Mwaka 2022 vijana wa Panya Road walipokuwa wakivamia nyumba kwa mapanga jijini Dar es Salaam, polisi walitangaza kwamba watuhumiwa kadhaa wameuawa katika mapambano. Wengi walishangilia, na siwalaumu. Aliyekesha na watoto chini ya kitanda anataka usingizi kwanza. Lakini vijana wale walikuwa na mama zao na shangazi zao. Mtu wa kwanza kuona panga chini ya godoro ni mama. Je, atamtaja mwanawe kwa polisi ambao anaamini watamrudishia maiti? Atanyamaza, atamhamishia kwa mjomba mkoani, na panga litahama naye. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ukali na ujirani vinaweza kwenda pamoja bila kugongana. Kila mtuhumiwa anayekufa bila kufika mahakamani anawanyamazisha ndugu ambao wangetusaidia kuwapata watano wengine.

Kuna pia jambo dogo linalotuumiza kila siku. Kibaka anakamatwa Jumatatu, Jumatano yuko kijiweni. Mtaa unasema polisi wamekula hela. Pengine kweli, pengine amepewa dhamana tu, ambayo kwa makosa mengi ni haki yake, na kesi inaendelea. Hakuna aliyekuja kutueleza. Safari ya pili watu hawapigi simu, wanabeba mawe na tairi. Polisi kata akirudi kwenye kikao cha mtaa na kusema kesi ile imefika wapi, bila kumtaja aliyetoa habari, atakuwa ameokoa uhai wa mtu.

Tunayo hata sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Katika kikao chetu haikutajwa. Yule mama alistahili kuelezwa sheria hiyo inamlinda vipi, jina lake litaandikwa wapi au halitaandikwa kabisa, ni nani mwingine atakayeliona, na aende kwa nani likivuja. Karatasi ya namba bado iko mlangoni, na kikao kijacho nitaomba aelezwe hayo.