Drili, kikoi na Premio nyeusi

Kwanza kabisa, sikuwa uchi. Anayesema nilikuwa uchi ni mwongo, na hiyo klipu mkiitazama vizuri mtaona nina boksa. Haya ya boksa tutayafikia, msinikimbize. Ila tangu jana jioni kuna voisi inazunguka kwenye magrupu ya harusi, kutoka Maweni mpaka Mambrui, ya rafiki yangu ambaye jina lake nalisitiri, ingawa yeye langu hakulisitiri, akalitaja na la baba yangu juu. Basi sikilizeni ya mwenyewe.

Gari mnalijua. Premio, nyeusi. Nyinyi wenye magari meupe hamjui raha mliyo nayo. Nyeusi ukiiosha, kivulini unaiona mpya. Itoe kwenye jua hili letu la Malindi, boneti nzima imejaa mikwaruzo ya mviringo, utando wa buibui mtupu. Ukisogea kulia, duara zinakufuata. Fundi mmoja wa rangi alinieleza kwamba hata si duara. Ni vikwaruzo vidogo vimelala kila upande, lakini jua linamulikia ile iliyokaa kulizunguka tu, ndipo jicho likaona mviringo. Nikamuuliza inatoka wapi. Akaniangalia mkononi. Mkononi nilikuwa na kipande cha shuka kuukuu, kile ninachopangusia vumbi kila asubuhi, gari kavu, mchanga na kila kitu. Tukabadilisha mazungumzo.

Sasa kesho ni harusi ya binti ya mjomba. Gari la bi harusi ni langu, na picha zitapigwa pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama, juu ya mwamba, bahari mbele na jua usoni. Mreno wa watu alifika hapa 1498 kwa jahazi, hakuna aliyemuuliza habari za boneti. Mimi nitaulizwa.

Shangazi alipendekeza mafuta ya nazi. Msicheke, nilipaka. Ikang'aa kweli, maana mafuta yanajaa kwenye mikwaruzo yakaificha. Kabla ya adhuhuri vumbi lote la Barani lilikuwa limekaa juu ya gari langu, na sisimizi nyuma yake. Nikaosha, duara zikarudi na salamu.

Ndipo nikanunua kompaundi, ile dawa nyeupe ya kusugulia mikwaruzo ya rangi, Barabara ya Lamu, na huyu rafiki, ambaye kazi yake ni makabati, akaniletea drili aliyoitia kichwa cha sponji. Mashine ya sawasawa ni ile inayozunguka huku ikiyumba, haiunguzi rangi upesi. Drili inazunguka palepale, joto linakusanyika, na ile klia, rangi ya juu isiyo na rangi, ni mikroni 40 au 50 hivi. Unywele wa kichwa chako mara nyingi una unene zaidi. Haya yote nilikuwa nayajua. Nayajua mpaka leo.

Nilianza baada ya alasiri, gari chini ya mwarobaini, bati limepoa, mipira yote ya madirisha nimeibandika selotepu ya karatasi. Boneti nikaenda nayo nusu mita kwa nusu mita, mkono mwepesi, napangusa, naangalia. Jamaa, nilijiona meno! Hakuna duara, hakuna utando, weusi umetulia. Wapita njia wakaanza kuniamkia "fundi," nami nikaanza kuitikia. Jirani mwenye Noah nyeusi nilimpa hadi bei.

Kisha nikahamia mlango wa nyuma kushoto, ndio wa kuingilia bi harusi. Kidole kilikuwa kimechoka kubana, nikabonyeza kile kitufe cha ubavuni cha kuifunga drili iende yenyewe. Nimevaa fulana na kikoi. Kusi linavuma.

Hapa twendeni polepole.

Kikoi hakifungwi fundo. Kinakunjwa kiunoni, na usalama wake wote ni imani. Nimechutama, drili iko kwenye kona ya chini ya mlango. Upepo ukaja ukainua pindo. Nikayaona matamvua yakipepea kuelekea shingo ya drili, na nakumbuka nilichokuwa nikiwaza: kikoi hiki kizuri, mama alininunulia Lamu. Uzi mmoja ukashika. Halafu jirani yake. Halafu ukoo mzima.

Haikunivua kwa ghafla kama anavyodai yule bwana. Ilivuta kwa adabu. Mkunjo wa kwanza ukafunguka, nikausikia ubavuni. Nikakamata kiuno kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia umeshika mashine inayonipandia tumboni, inajiviringisha ndani ya nguo yangu mwenyewe, na ile sponji imejaa kompaundi inarusha matone meupe kila upande. Kuizima si kazi: unabana tena kifyatulio, kitufe kinajifungua chenyewe. Lakini mwambieni nyinyi mtu anayevuliwa nguo na mashine kwamba abane zaidi.

"Chomoa!" nikapiga ukelele. "Yakhe, chomoa!"

Rafiki yangu alikuwa amesimama karibu na dirisha la jikoni, penye plagi. Akatia mkono mfukoni, akachomoa simu.

Aliyenisikia ni shangazi. Kwenye ekstensheni kulikuwa na plagi mbili, ya drili na ya spika. Shangazi akachomoa ya spika. Taarabu ikakatika katikati ya ubeti. Na nyumba ya harusi ikinyamaza ghafla mnajua kinachofuata: wanawake wote wakatoka nje kuuliza kuna nini. Pamoja nao wale wa upande wa bwana harusi, waliokuwa ndio kwanza wamefika na masanduku ya bi harusi, hata sharubati hawajanywa.

Mkunjo wa pili. Mkunjo wa tatu. Kikoi kikaniaga.

Haya, boksa. Ni ya mtumba, nyekundu, na nyuma imeandikwa CIAO AMORE, yaani "hujambo mpenzi," kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Ningekuwa Garissa ningepona. Huu ni mji ambao muuza madafu anapatana bei kwa Kiitaliano. Mtoto wa jirani akasoma kwa sauti, akarudia kuhakikisha. Bibi mmoja wa ukweni, aliyefanya kazi miaka kwenye nyumba za Waitaliano, akaitikia "ciao" kabla hajajizuia, kisha akajiangalia buibui lake jeusi, limetapakaa madoa meupe kuanzia begani, akasema "Astaghfirullahi," na sijui mpaka sasa ilikuwa ya buibui au yangu.

Mimi nikaiachia drili, nikajificha nyuma ya gari. Upande wa pili wa gari ndio uliokuwa na watoto. Drili ikaanguka, ikagonga mlango, ikabaki imeuegemea ikijisugua palepale na kikoi chote shingoni, mpaka shangazi alipoipata plagi ya pili.

Yaliyobaki ni mafupi. Buibui lilitoka doa kwa maji na sabuni. Fundi wa rangi amekuja leo asubuhi, akapitisha ukucha mlangoni, akasikitika: klia imekwisha, nyeusi imekwisha, kwenye ukingo linaonekana koti la kijivu la chini. Hapo hapapigwi polishi, ni mlango mzima kupuliziwa upya, na hauwezi kuwa tayari kesho. Mjomba hajasema nami isipokuwa kuuliza drili ni ya nani. Bi harusi ametuma ujumbe kwamba ataingilia mlango wa kulia, na kwamba amecheka mpaka piko lake la mkononi limepakaa. Masanduku yamepokelewa, ndoa ipo. Boneti, na hili liandikeni na nyinyi kwenye magrupu yenu, haina mkwaruzo hata mmoja.

Kwa hiyo mwenye mlango wa nyuma kushoto wa Premio, mweusi, aje kwangu kabla ya saa nane kesho. Anayetaka kikoi, kingali shingoni mwa drili, hakitoki. Amwone rafiki yangu, anaviuza pamoja.