Boya Liwekwe Kabla ya Mbio

Mtoto wa ndugu yangu ana miaka minne. Muhula uliopita alirudi nyumbani, hapa Langoni, Lamu, na ripoti ya chekechea iliyoandikwa kwa wino mwekundu: "Hana subira." Mwalimu wake alikuwa ametoka semina. Alimwekea kashata ya nazi mezani akamwambia, ukingoja nitakupa ya pili. Mtoto akaila. Nilipomuuliza mbona hakungoja, alinijibu: "Ami, juzi alisema ataleta mabuyu, na hakuleta."

Jaribio hilo ni la mwanasaikolojia Walter Mischel, lililoanzia chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Yeye alikuta kwamba watoto waliongoja walifanya vizuri zaidi masomoni baadaye. Mwaka 2018 watafiti wengine walilirudia kwa takwimu za watoto zaidi ya 900. Uhusiano wa subira na masomo ulitoka karibu nusu ya ule wa awali, na ilipohesabiwa hali ya nyumbani kwa mtoto na uwezo wake wa akili wa awali, theluthi mbili yake ikayeyuka. Habari hii haikufika kwenye semina, nami inaniuma.

Tena si jaribio hilo tu. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Awali asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36.

Wengi wa watafiti si waongo. Majarida hupenda jibu la "ndiyo", basi mtu hupiga hesabu hivi, ikikataa huondoa washiriki kadhaa, hupiga vile, mpaka apate namba iliyo chini ya 0.05, mpaka wa kawaida wa kuyaita matokeo kuwa na uzito huo. Zilizokataa hubaki kabatini. Hapa Lamu, kwenye mbio za majahazi, boya hutiwa majini kabla tanga halijatwekwa. Nahodha akiruhusiwa kulisogeza baadaye, kila chombo kitashinda.

Jarida la Cortex, la sayansi ya ubongo, lilianza mwaka 2013 kupokea utafiti ukiwa bado ni mpango: swali, idadi ya washiriki na hesabu zitakazopigwa huhakikiwa kabla ya kukusanya data. Mpango ukipita, matokeo huchapishwa yawe yalivyo. Kwangu mimi, utafiti usiopita njia hiyo usitumiwe kumpima mtoto darasani, na hata uliopita urudiwe kwanza huku kwetu. Kule Kamerun, watoto wa jamii ya Nso walingoja kuliko wenzao wa Ujerumani.

Nimemwomba mwalimu afute lile neno jekundu. Amesema atalifikiria.