Wazee wetu wasiachwe wakaogopa operesheni ya tezi dume

Nimesoma hii habari ya wazee kukimbia operesheni ya tezi dume iliyovimba (ile tezi ya mwanaume iliyo chini ya kibofu) kwa kuhofia kupoteza nguvu za kiume, imenigusa kwa kweli maana baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Usiku anaamka mara 5 mara 6, anasimama chooni mkojo unatoka matone matone, tukimwambia twende hospitali anasema huo ni uzee tu, akawa anakunywa mitishamba hadi siku mkojo ukagoma kabisa, chini ya kitovu pamejaa pagumu kama ngoma, mtu mzima analia. Hospitali wakamwekea mpira wa kutolea mkojo, ukatoka zaidi ya lita 1.

Baadae akafanyiwa ile TURP, yaani hachanwi tumbo, anachomwa ganzi ya mgongo halafu kifaa chembamba kinapitishwa njia ya mkojo kinakwangua ile nyama ya tezi inayobana mkojo. Kilichotutisha ni ule mfuko wa mkojo baada ya operesheni, mkojo mwekundu kama juisi ya rozela, manesi wakawa wanapitisha maji kwenye kibofu muda wote mpaka wekundu ukafifia, siku ya 3 mpira ukatolewa.

Jamani nguvu kwa wengi zinabaki, kinachobadilika mara nyingi ni manii kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje, daktari aliseme hilo mapema tena mama akiwepo anasikia. Na kuvimba huku kwa tezi dume siyo kansa, ila vipimo vya kansa navyo vifanyike maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Baba sasa analala, anaamka mara moja tu karibu na adhana ya alfajiri.