Rifaineri Zanzibar? Kwanza tuulizane habari ya kraka

Kila ZURA, wale wadhibiti wa maji na nishati Zanzibar, wakitangaza bei mpya za mafuta, na wanatangaza kila mwezi, pale barazani kwetu lazima atokee mtu aseme "ngoja tuchimbe ya kwetu tu, tunajenga rifaineri hapahapa, yaishe haya". Rifaineri, yaani kile kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi. Na wote wanaitikia. Mie sikubali, nshawaambia mpaka wamenichoka, kwahivo leo naandika ili siku nyengine niwe nawatumia linki tu nikanywe kahawa yangu kwa raha.

Sisemi mafuta yasitafutwe. Kitalu cha Pemba-Zanzibar kiendelee, sheria ya mafuta na gesi ya 2016 ipo, wanaojua kazi ile waifanye. Ninachokipinga ni hii rifaineri, na wala sababu yangu haiko kwenye siasa. Iko ndani ya chombo kimoja cha chuma ambacho wengi wetu hatujawahi hata kukisikia.

Wapemba wenzangu hapa mtanielewa haraka. Kile kiwanda cha makonyo cha Wawi, makonyo yanatiwa ndani, mvuke unapita, mafuta yanapanda na mvuke, yanapozwa, yanakingwa. Mafuta yale yalikuwemo ndani ya makonyo tangu mtini, kiwanda kimeyatoa tu. Sasa watu wanadhani rifaineri ndo hivohivo ila kubwa. Nusu ya kwanza ni kweli, mnara wa mwanzo unayachemsha mafuta ghafi na kuyatenga, gesi juu, chini yake petroli, mafuta ya taa, dizeli, alafu chini kabisa linabaki zito jeusi. Na hilo zito kwenye mafuta ghafi mengi ni kama asilimia 40 mpaka nusu ya pipa zima! Halina petroli ndani yake ya kukamua, chemsha mpaka kesho. Molekuli zake ni ndefu mno, ukitaka petroli uzivunje. Kuvunja huko ndo krakingi, na mtambo unaofanya kazi hio, kraka, ndo roho ya rifaineri yoyote inayoingiza pesa.

Usipokuwa na kraka zito lako utaliuza kwa wenye maboila na meli, kwa bei ambayo kawaida iko chini kuliko ya mafuta ghafi ulonunulia. Yaani nusu ya bidhaa yako unauza kwa hasara na unategemea nusu ya pili ikuokoe. Rifaineri ya Mombasa, pale Changamwe, ilianza 1963 na haikuwa na kraka, 2013 ikaacha kusafisha. TIPER ya Kigamboni ilianza 1966, nayo ilikuwa ya aina hiohio nyepesi, mwishoni mwa miaka ya 1990 ikasimama. Zote mbili leo kazi yao ni kuhifadhi mafuta yaliyosafishwa kwengine. Sababu zilikuwa nyingi, siwezi kusema ni kraka peke yake, lakini huwezi kuielezea hesabu yao bila kulitaja lile zito. Na tangu Januari 2020 hata meli zimebanwa, salfa kwenye mafuta yao imeshushwa kutoka asilimia 3.5 mpaka 0.5, kwahivo zito lenye salfa nyingi ndo limezidi kukosa mnunuzi.

"Aya basi tuweke kraka." Sawa, tuiangalie basi.

Alofanya krakingi ya katalisti ikalipa ni Mfaransa mmoja, Eugene Houdry, injinia mpenda mbio za magari alokuwa akitafuta petroli isiyogonga ndani ya injini. Alipitisha mvuke wa mafuta juu ya udongo ulotiwa asidi, udongo ule ndo katalisti, yaani kitu kinachoharakisha kuvunjika bila chenyewe kutumika, na petroli ikatoka na oktani nzuri, ndo kile kipimo cha kutogonga. 1937 mtambo wake mkubwa ulikuwa unafanya kazi Marcus Hook, Pennsylvania, kwa Sun Oil. Lakini kulikuwa na balaa moja. Molekuli zikivunjika kaboni inabaki juu ya katalisti, inaganda makaa, na baada ya dakika chache katalisti imezibwa haifanyi kitu. Dakika, si siku! Kwahivo Houdry aliweka vyombo kadhaa pamoja, hichi kinavunja mafuta, kile kinachomwa makaa kwa hewa, chengine kinasafishwa, alafu vinabadilishana zamu kila baada ya kama dakika kumi, mavalvu yanafunga na kufungua mchana na usiku. Ndege za vita vya pili zilipata petroli nzuri kwa njia ile, ila ni mtambo wa kusimama na kuanza, kusimama na kuanza.

Wazo lilofuata mie nalipenda kuliko yote katika fani hii. Badala ya kubadilisha zamu za vyombo, itembeze katalisti yenyewe. Isage iwe unga, chembe za kama maikroni 70 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), alafu upulizie gesi kutoka chini. Ukipata kasi inayotakiwa unga ule hautulii tena, unatiririka, unasukuma kwa uzito wake chini ya bomba, unatafuta usawa wake, unauhamisha chombo hadi chombo bila pampu hata moja. Maprofesa wawili wa chuo cha MIT, Marekani, Warren Lewis na Edwin Gilliland, walilisukuma wazo hili pamoja na mainjinia wa Standard Oil ya New Jersey, na tarehe 25 Mei 1942 mtambo wa kwanza ukaanza Baton Rouge, Louisiana.

Hapo vyombo vikuu vikawa viwili tu, riakta ya kuvunja mafuta na rijenereta ya kuchoma makaa, katalisti inazunguka baina yao haipumziki. Na sikilizeni ujanja wake. Kuvunja molekuli kunakula joto, kuchoma makaa kunatoa joto. Katalisti inatoka rijenereta na nyuzi 700 za selsiasi hivi, inakutana na mafuta, inayageuza mvuke papo hapo na kuyavunja, inapoa mpaka 520 au 530, inarudi na makaa yake kwenda kuchomwa. Takataka ya kazi ndo kuni ya kazi. Uzuri wote uko hapo na taabu yote iko hapohapo, maana joto la rijenereta huna pahala pa kuliandika ukasema nataka 700 likakusikia. Linajiweka lenyewe kutokana na mafuta ulotia, yakiwa mazito makaa yanazidi, joto linapanda, katalisti inaanza kufa, na ukiwa na mabaki mazito yenye nikeli na vanadiamu basi ndo vita kabisa, inabidi uongeze vifaa vya kuipoza katalisti na kila siku uitoe kiasi utie mpya. Na katalisti si bure.

Mwaka 1962 ikaja zeolaiti, fuwele zenye vitundu ambavyo molekuli zinaingia na kuvunjikia humo. Ilikuwa na nguvu kiasi ambacho riakta za zamani, zile pana ambazo unga unabubujika chini, zikawa zinaharibu kazi, petroli ikishatengenezwa inachelewa kutoka inavunjwa tena mpaka inakuwa gesi na makaa. Wabunifu wakaihamisha kazi yote wakaitia kwenye bomba. Ndo raiza hio, bomba wima la mita 30 na zaidi, mafuta yanapuliziwa chini pamoja na mvuke, yanageuka gesi, yanatanuka, yenyewe ndo yanaibeba katalisti kwenda juu. Safari nzima sekunde mbili tatu. Juu kuna saikloni, vyombo vinavyoizungusha gesi kwa kasi ili unga utengane nayo upesi upesi, kwa sababu kila kinachochelewa pale ni petroli inayopotea. Mtu akisikia riakta anafikiria tangi, kumbe siku hizi riakta ni bomba, lile dude kubwa la juu ni nyumba ya saikloni tu.

Sasa fanyeni hesabu. Kraka ya mapipa 50,000 kwa siku, ambayo si kubwa, inapokea kama tani 5 za mafuta kila dakika, na katalisti inayozunguka ni kama mara sita saba ya hapo, yaani tani 30 na ushei za unga wa moto kila dakika, usiku na mchana, miaka minne mitano mpaka usimamishwe kwa matengenezo.

Unga ule unakula chuma. Mie nimefanya kazi Ghuba kwenye shatdauni, zile wiki mtambo unasimama na watu wanaingia ndani. Kuta zimepigwa rifraktori, ni zege maalumu linaloshikwa na wavu wa chuma wenye vijumba vya pembe sita, na unga uko kila pahala, puani, masikioni, na barakoa umevaa. Pale bomba linapopinda zege lilikuwa limelika mpaka wavu unaonekana unang'aa. Alafu tukafungua slaidi valvu. Hio ni sahani nzito ya chuma inayoteleza kukata njia ya katalisti, ipite nyingi au kidogo. Ukingo wake ulikuwa umelambwa na unga mpaka umekuwa mkali, msimamizi wetu, Muomani alozaliwa Unguja, akanambia "Usiutie mkono huo mwanangu, utakukata na glavu yako". Kile kipande kilipoingia kilikuwa kinene.

Nimekielezea kile kipande kwa sababu ndo mlango baina ya maisha na mauti. Upande mmoja kuna hewa na moto, upande wa pili kuna mvuke wa petroli. Kinachovitenga ni katalisti ilojaa ndani ya bomba na zile valvu. Tarehe 26 Aprili 2018 rifaineri ya Superior, Wisconsin, kule Marekani, ilikuwa inazima kraka yake kwa matengenezo, valvu ya katalisti ilotumika imelika, haikuweza kuzuia katalisti ibaki juu yake, hewa ikapita kutoka rijenereta ikaingia upande wa riakta na mbele yake kwenye vyombo vyenye gesi. Vikaripuka. Kipande cha chuma kikaruka kama mita 60 kikatoboa tangi la lami, lami ikamwagika ikashika moto, sehemu kubwa ya mji ikahamishwa, watu 36 wakatafuta matibabu. Na ile ni nchi yenye mafundi wa kraka tangu vita vya pili.

Nyie mnataka tuweke wapi? Fumba? Mangapwani? Visiwa vyenyewe hivi, utawahamishia watu wapi, baharini?

Alafu kuna umeme. Rijenereta inataka hewa muda wote, blowa, ile mashine ya kupuliza hewa, ikikata tu unga unatulia chini na mtambo umezimika, na kuuzima na kuuwasha kraka ndo wakati wa hatari kuliko wakati wote. Unguja umeme unakuja kwa waya chini ya bahari, na watu wazima wanakumbuka 2008 tulivokaa gizani kama mwezi, na Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tena. Najua waya mpya uliwekwa 2013 na hali imebadilika. Najua pia rifaineri zinajitengenezea umeme wake na mvuke wake. Sawa, basi hio nayo iandike kwenye bili.

Na soko je. Chukua rifaineri ndogo kabisa ya kuchekwa, mapipa 20,000 kwa siku. Ni lita milioni 3 na zaidi. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu kama milioni 1.9, Unguja na Pemba pamoja, kwahivo kila mtu, na mtoto mchanga wa Makunduchi yumo na bibi yangu wa Wete asiyepanda hata vespa yumo, anatakiwa amalize zaidi ya lita moja na nusu kila siku ya Mungu. Hatuwezi. Kilichobaki tuuze nje, na nje ndo unakutana na Jamnagar, Gujarat, rifaineri kubwa kuliko zote duniani, mapipa milioni 1.2 na ushei kwa siku, ina kraka ambazo moja tu inaimeza rifaineri yetu yote mara kadhaa. (Jamnagar ipo kwenye ghuba ya Kutch, kulekule walikotoka wafanyabiashara walokuwa wakija kwetu na majahazi ya kaskazi, kwahivo kushindana nao biashara si jambo geni na sikumbuki kama tulikuwa tukishinda.)

Kuna rafiki yangu akisikia haya ananijibu "Dangote mbona amejenga". Amejenga kweli tajiri yule wa Nigeria, mapipa 650,000 kwa siku, na kraka ya mabaki mazito anayo. Nigeria ina watu zaidi ya milioni 200. Na ukubwa ule ndo hoja yangu mie, kwenye mitambo hii chombo ukikikuza mara mbili gharama haiendi mara mbili, inaongezeka kwa pole zaidi, kwahivo mdogo siku zote anasafisha lita moja kwa bei ghali kuliko mkubwa. Rifaineri ya hapa ingetuuzia petroli ghali kuliko tunayoagiza, labda serikali itoe ruzuku, na ruzuku ni kodi yako wewe unayelalamikia bei sheli.

Ninachotaka mie ni matangi. Mangapwani imeshapangiwa bandari na sehemu ya mafuta, basi yajengwe matangi ya kutosha tuweze kununua meli kubwa bei ikiwa chini, tusiwe tunahangaika meli ikichelewa siku mbili foleni imefika barabarani. Na mikataba ya utafutaji huwa na kipengele cha mafunzo, vijana wa chuo cha Karume pale Mbweni na wa skuli za ufundi Pemba wafundishwe kulehemu chuma cha joto kali, rifraktori, ukaguzi wa valvu. Sohar kule Oman wana kraka ya mabaki na kila shatdauni wanatafuta mafundi, na Kiswahili kule hakikosi msikilizaji. Somo la slaidi valvu nalifundisha mie bure, ila iwe wikiendi, katikati ya wiki nipo kazini.