Sio wote walikufa 3 Juni
Mwandishi umesema mashahidi wote 22 Wakatoliki wa Uganda, wale waliouawa kwa ajili ya imani, walichomwa Namugongo karibu na Kampala 3 Juni 1886, hapo umechemka kidogo ndugu yangu. Siku hiyo ndo ya Karoli Lwanga, Kizito na wenzao, ila wa kwanza Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa Novemba 1885 baada ya kumlaumu Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga kwa kumuua askofu Hannington wa Waanglikana, na wa mwisho Yohane Maria Muzeyi ni Januari 1887, sikukuu ya 3 Juni tu ndo imewaweka pamoja. Mi nilishaenda kuhiji Namugongo na basi la parokia, nikarudi miguu imevimba, bibi kaniagiza maji ya kule, chupa ya soda, mpaka leo iko juu ya kabati na hataki mtu aiguse